Maswali ya wasomaji: dizeli imezeeka, inasumbua, tuanzie wapi?

Safari hii barua ni nyingi na karibu zote zina kilio kimoja, mtu keshabadilisha kifaa, hela imeenda, na gari iko vilevile. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, afu nimezikata kidogo maana kuna watu mnaandika historia ya gari tangu siku inanunuliwa. Zile zenye neno "inasumbua" tu na jina la gari nimeziweka pembeni. Jamani tuandikieni inasumbua vipi, ikiwa baridi au ikiwa moto, mlimani au imesimama, moshi wa rangi gani, hapo ndipo fundi anapoanzia.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ina miaka zaidi ya ishirini. Asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, inatoa moshi mweupe kidogo, lakini ikishawaka siku nzima haina neno. Nimebadilisha hita plagi zote nne na bado. Sasa naambiwa pampu ya dizeli imekufa. Ni kweli? – Mwenye Presha

JIBU: Marahaba. Pampu iache kwanza, maana pampu iliyokufa haiponi mchana ikarudi kufa asubuhi.

Injini ya dizeli haina cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye injini nyingi hewa inabanwa mara 16 mpaka 22. Kwa hiyo ikiwa baridi inataka izungushwe kwa kasi, ibane vizuri, isaidiwe na joto la hita plagi, zile plagi za umeme zinazopasha moto silinda, na mafuta yafike bila hewa. Kimoja kikipungua unaanza kuomba dua kila asubuhi. Wewe umerukia hita plagi, na umebadilisha plagi zenyewe, ila sijaona popote kwenye barua yako kwamba kuna mtu alipima kama umeme unafika kwenye hizo plagi. Rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye plagi, ikiwa imekufa au fyuzi yake kubwa imeungua, hata uweke plagi mpya kila wiki hazitapata moto. Chukua mita, mtu awashe swichi bila kupiga stata, pima kwenye kichwa cha plagi na bodi ya injini, injini ikiwa baridi kabisa. Kwenye gari nyingi za zamani unatakiwa uone karibu volti zote za betri. Plagi yenyewe unaipima ikiwa imetolewa waya, nzima inasoma ukinzani mdogo sana, chini ya omu 2 hivi, iliyokufa haisomi kitu. Angalizo tu, magari ya karibuni yana plagi za volti ndogo, usizijaribu kwa kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri, utaziunguza hapohapo.

Umeme ukifika na plagi ni nzima, hamia kwenye stata. Unasema betri inachoka, sasa je inachoka kwa sababu umepiga sana au ilishachoka kabla? Betri nzima iliyopumzika usiku inasoma kama volti 12.6, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama betri iko sawa na stata bado inavuta kivivu, angalia waya wa ethi, ule wa kutoka nega ya betri kwenda kwenye bodi. Weka mita kwenye nega ya betri na kwenye bodi ya injini, mtu apige stata, ukisoma zaidi ya nusu volti basi umeme unapotelea kwenye ule waya, fungua, sugua kutu, kaza. Ni kazi ya spana moja na watu wanauziwa stata mpya kwa ajili yake.

Halafu kuna hewa kwenye mafuta, na mimi kwa gari ya umri huo ndipo ninapopashuku zaidi. Usiku dizeli inarudi taratibu kwenye tanki kwa sababu kuna mahali hewa inaingia, pengine oringi ya filta, pengine mpira mdogo wa marejesho (unaorudisha mafuta ya ziada) wa kwenye nozeli, kile kifaa kinachopulizia dizeli kwenye silinda, uliokauka ukapasuka, au ile pampu ya mkono ya juu ya filta. Kinachochanganya ni kwamba sehemu inayoingiza hewa si lazima ivujishe mafuta, upande ule unavuta, kwa hiyo utaukuta mkavu kabisa. Dalili yake ni gari inawaka mara moja kwa mafuta yaliyobaki kwenye pampu, inazima, afu ndio unaanza mateso. Jaribio lake ni rahisi, kabla ya kuwasha asubuhi bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ukiona gari imewaka bila shida basi hewa ndio mchawi. Fundi akifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na pampu kubwa mtaona mapovu wenyewe, kuanzia hapo anarudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka yakatike.

Na tafadhali, ile tabia ya kupulizia dawa ya kuwashia kwenye bomba la hewa uiache. Hita plagi zikiwa na moto ile dawa inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni na ringi zinavunjika, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa ambao haukuwepo.

SWALI: Mimi kinyume. Ikiwa baridi inawaka vizuri tu, ila nikitembea mwendo mrefu nikaizima kidogo haitaki kuwaka mpaka ipoe. – Nasubiri Ipoe

JIBU: Inategemea mfumo wako ni upi. Kama ni pampu ya mekanika ya zamani, ile ya kuzunguka inayogawa mafuta kwa kila silinda, basi imelika ndani. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita kwenye uwazi uliolika na presha haipandi. Siku ikigoma, injini ikiwa imezimwa, funika pampu na kitambaa kilicholowa maji ya baridi kwa dakika chache, afu piga stata, ikiwaka umepata jibu, pampu iende kwa fundi wa pampu mwenye benchi ya kupimia na sio kwa jirani mwenye bisibisi.

Kama ni komoni reli, yaani bomba moja la presha (reli) linalolisha nozeli zote, mfumo ulioingia kwenye gari ndogo mwaka 1997 na Alfa Romeo 156, kompyuta haifungui nozeli mpaka presha kwenye reli ifike kiwango fulani, kwenye injini nyingi ni kama baa 200 au zaidi. Nozeli zilizolika zinarudisha mafuta mengi kwenye tanki, presha haifiki, stata inazunguka bure. Kabla ya kununua chochote fundi achomoe mipira ya marejesho, kila nozeli ipewe kichupa chake, injini iende kwa dakika kadhaa, mlinganishe. Kichupa kilichojaa haraka kuliko wenzake ndicho cha nozeli mbovu, mara nyingi ni moja au mbili na sio zote. Ila mabomba ya chuma ya presha kubwa msiyalegeze injini ikiwa inawaka, wala usipitishe mkono kutafuta panapovuja. Ile dizeli ina presha ya kutoboa ngozi ikaingia mwilini, na ikiingia ni upasuaji wa haraka, sio wa kuosha kwa sabuni.

SWALI: Fundi wangu kasema injini ishushwe kwa sababu inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Nikubali? – Mama Mapacha

JIBU: Dada usikubali bado, muulize kapima nini. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hilo halina ubishi, swali ni oili inaingilia wapi, na kushusha injini ni jibu la njia moja tu kati ya kadhaa.

Angalia inatoka lini. Ukiwasha asubuhi inafuka kidogo halafu inaisha, hizo ni sili za valvu, unaweza kuishi nazo ukiongeza oili. Ikiwa inafuka kila ukikanyaga mafuta, fungueni bomba linalotoka kwenye tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, kwenda kwenye rejeta ya hewa, ile inayoipoza hewa hiyo. Utando wa oili humo ni kawaida, usishtuke, ila mkikuta oili imekaa kama dimbwi basi tabo inashukiwa. Shika shafti yake kwa vidole injini ikiwa imepoa, kucheza kidogo kushoto kulia kunaruhusiwa, kucheza ndani nje hapana, na mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta tabo imekwisha. Lakini hata hapo kabla hamjanunua nyingine, angalieni bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo, likiziba kwa masizi oili inakosa pa kushukia inapita kwenye sili, na tabo mpya itafanya hivyohivyo. Pia bomba la kupumulia la injini, lile linalotoka juu kwenye kava. Likiziba, presha ya ndani inasukuma oili kila mahali, na kulisafisha ni kazi ndogo tu.

Hayo yote yakiwa safi ndio ipimwe kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, silinda zote, kwa geji ya dizeli maana ya petroli haiwezi presha hiyo. Silinda moja ikiwa chini sana ya zenzake, au zote ziko chini, hapo mazungumzo ya kushusha injini yana maana. Akikataa kupima tafuta mwingine.

SWALI: Nikipanda mlima gari inakosa nguvu ghafla, taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha nguvu zinarudi. Mashine imesoma tatizo la presha ya tabo, nimeshabadilisha tabo (ya mtumba) na imerudia. – Mlimani Sipandi

JIBU: Pole sana kaka, na hili naliona kila mwezi. Mashine haikusema tabo mbovu, imesema presha iliyopimwa haifanani na iliyotakiwa, na hapo kuna vitu vingi kabla ya tabo yenyewe. Kwanza soma vizuri, presha imezidi au imepungua? Watu hawaulizi hata hilo.

Ikiwa imezidi, kwenye tabo zenye mapanga yanayogeuka, masizi yanayagandisha, kompyuta inaona presha inapanda kupita kiasi inakata nguvu kulinda injini, ukizima na kuwasha inajaribu upya. Kijiti kinachoyaendesha kinatakiwa kiende na kurudi laini bila kukwama, fundi anakijaribu kwa pampu ndogo ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Gari inayotembea mwendo mfupi mjini kila siku ndio inaugua hivi sana.

Ikiwa imepungua, tafuta hewa inapotoka. Mipira mikubwa ya hewa inapasuka upande wa chini usipoonekana, inafunguka tu ikipata presha, kwa hiyo ukiwa umesimama kila kitu kinaonekana kizima. Ukisikia mluzi au mpulizo mlimani na nyuma moshi mweusi, huo ni mpira. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, basi, kwa hiyo angalia na filta ya hewa, na valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, ikibaki wazi kwa masizi nayo inaleta hivyohivyo, hiyo inafunguliwa inasafishwa. Usisahau mipira midogo ya vakyumu, myembamba ile, inakauka na kupasuka kwa joto na bei yake haifiki hata kona ya tabo uliyonunua.

Kwa wale ambao nguvu zinapungua polepole kadiri unavyokanyaga, bila kurudi kwa kuzima na kuwasha, fikirieni filta ya dizeli. Na ile koki ya chini ya filta ipo kwa ajili ya kumwaga maji, ifungueni mara mojamoja.

SWALI: Oili inaongezeka badala ya kupungua. Rafiki yangu anasema ni baraka. – Baraka

JIBU: Zima hiyo gari. Oili haizai. Kuna kitu kinaingia, na kwa dizeli mara nyingi ni dizeli yenyewe. Vuta kijiti unuse, kikinuka mafuta na oili imekuwa nyepesi kama maji basi ndio hivyo. Kama gari yako ina filta ya masizi kwenye eksozi, ile wanayoita DPF, inajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la kama nyuzi 600, na kwa magari mengi inapata joto hilo kwa kuingiza dizeli ya ziada kwenye silinda. Ukiwa unatembea vipande vifupi inaanza kujichoma unazima, inaanza unazima, ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Kama haina hiyo filta, basi ni nozeli inayochuruza, au sili ya pampu, au kwa baadhi ya injini mabomba ya mafuta yaliyo chini ya kava ya valvu. Oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa hayo ni maji, ni ugonjwa mwingine.

Kwa nini nasema zima. Oili yenye dizeli haishiki beringi, hiyo moja. Ya pili inatisha zaidi, kiwango kikipanda sana injini inaweza kuivuta oili kupitia bomba la kupumulia na ikaanza kuitumia kama mafuta, inanguruma yenyewe mpaka mwisho na funguo haisaidii kitu maana haili tena kutoka kwenye tanki. Ikikutokea na gari ni ya gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ife. Ya otomatiki njia ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao mgumu, sio mkono, sio tambara, vyote vitavutwa. Ukishindwa kaa mbali nayo, inaweza kupasuka.

SWALI: Nikizima funguo gari yangu ya zamani inaendelea kuwaka kama dakika nzima. Na breki zimekuwa ngumu siku hizi. Ni matatizo mawili? – Haizimi

JIBU: Nadhani ni moja. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu ya kutosha yenyewe, kwa hiyo ina pampu yake ya vakyumu, mara nyingi nyuma ya alteneta au kwenye injini, na kuna magari ya zamani yanatumia vakyumu hiyohiyo kwa breki na kwa kuzimia injini. Mpira ukitoboka au pampu ikichoka vinaugua vyote. Breki ndio za kushughulikia leo, kuzima utaizima kwa gia wakati unasubiri fundi.

SWALI: Gari inachemsha. Nimebadilisha themostati, nimeosha rejeta, nimeweka maji kila siku na yanaisha bila kuona yanapovujia. – Ndoo Mkononi

JIBU: Maji yanayoisha kila siku bila kuonekana yanakwenda mahali, na mahali penyewe huenda ni ndani ya silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko, washa, angalia. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma hata injini haijapata moto, au ukikifunga mpira mkubwa wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika mbili tatu, presha ya silinda inaingia kwenye maji, hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi ya juu yake, imeondoka au hedi yenyewe ina ufa. Kuna dawa ya kupimia inayobadilika rangi ikikutana na moshi wa injini, fundi mzuri anayo. Kufungua kifuniko injini ikiwa moto ndio usithubutu, yale maji yako juu ya nyuzi 100 na yanashikiliwa na presha tu.

Likithibitika, hapa ndipo watu wanapofanya kazi mara mbili. Hedi ikitolewa ipelekwe ikapimwe ufa kwa presha na kuangaliwa kama imepinda, na msikimbilie kuichonga kwa sababu kuna hedi za dizeli ambazo mtengenezaji haruhusu kuchonga kabisa. Gasketi za dizeli nyingi zinakuja kwa unene tofauti, alama yake ni matundu au vikato pembeni, unachagua kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Hesabu matundu ya ile ya zamani kabla hujaitupa. Ukiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa pistoni itagonga, nene sana kompresheni itashuka na utaniandikia tena kwamba asubuhi haiwaki. Bolti nazo kwenye injini nyingi ni za kuvutika, zikishafunguliwa ni mpya. Na baada ya hapo weka kulanti, maji matupu ndio yaliyokula rejeta yako.

SWALI: Kuna mlio wa "chaf chaf chaf" juu ya injini na harufu ya moshi ndani. Lami nyeusi imezunguka nozeli moja. – Chaf Chaf

JIBU: Washa ya kopa, ile pete bapa ya shaba ya chini ya hiyo nozeli, imeachia, moshi wa silinda unapanda juu na kuganda kama lami. Usiiache, ikikaa inakula kikalio chenyewe kwenye hedi na nozeli inagandia mpaka inahitaji mashine ya kuing'oa. Ikitoka, kikalio kisafishwe vizuri kabisa kabla ya washa mpya kuingia, washa ya zamani isirudishwe hata kama inaonekana nzima, na bolti inayoishika ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari yako. Kwenye komoni reli kuna gari ambazo nozeli zina namba ya kuandikwa kwenye kompyuta, kwa hiyo zikitolewa zaidi ya moja ziwekewe alama kila moja irudi silinda yake.